Mtu Unayemwigiza Ana Wenyewe: Mwigizaji Mkongwe wa Tabora Ajibu Barua za Wasomaji

Mhariri alipotangaza kwamba katika toleo hili ningepewa kurasa za maswali ya wasomaji, nilitarajia barua chache kutoka kwa wazee wenzangu wanaokumbuka vichekesho vya zamani pale uwanjani karibu na stesheni ya Tabora. Barua zimezidi kurasa, na nyingi zimeandikwa na vijana ambao hawajawahi kuniona jukwaani. Nimechagua zile zenye swali ndani yake, nikaziweka kando zilizokuwa na sifa tupu, na nimefupisha maneno ya waandishi bila kugeuza nia yao. Kwa kuwa baadhi yao waliomba majina yao yasitajwe, nimeyaacha yote na kutaja mahali barua ilikotoka.

Shikamoo Mzee. Ulijifunzia wapi kuigiza, maana wakati unaanza chuo cha Bagamoyo kilikuwa bado hakijafunguliwa? (Kanyenye, Tabora)

Marahaba. Ni kweli kwamba Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho siku hizi kinaitwa TaSUBa, kilianzishwa mwaka 1981, na kufikia wakati huo mimi nilikwisha kuzoea kulala kwenye mabehewa ya daraja la tatu pamoja na ngoma na masanduku ya nguo za maonyesho. Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa mtani wa baba.

Tabora ni njia panda ya reli. Njia kutoka Dar es Salaam ilifika hapa mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, na tawi la kwenda Mwanza likakamilika mwaka 1928, na kwa sababu hiyo nyumba za wafanyakazi wa reli nilikokulia zilikuwa na watu wa kila kabila. Walikuwamo Wazaramo, ambao ni watani wetu Wanyamwezi tangu enzi za wapagazi waliobeba pembe kwenda pwani. Mnyamwezi akifariki, mtani haji msibani kulia tu. Anakuja kutania, na mojawapo ya kazi zake ni kumwigiza marehemu mbele ya wafiwa.

Jirani yetu mmoja, mlinzi wa ghala la mizigo, alifariki nikiwa bado kijana mdogo. Siku ya matanga mtani aliingia uani akiwa amevaa koti la marehemu, akazunguka mkeka mara moja, na kabla ya kukaa akapapasa mfuko wa shati upande wa kushoto kuhakikisha funguo zipo. Hakusema neno. Sote tulimjua yule mlinzi kwa ule mkono, kwa maana hakuwahi kukaa popote, awe msikitini au kwenye bao, bila kuupapasa ule mfuko. Mjane alicheka kwa sauti, kisha akalia, kisha akacheka tena huku machozi yakimtoka, na wanawake waliokaa naye wakafuata.

Kilichonishangaza zaidi nilikielewa baadaye nikiwa mtu mzima. Marehemu alikuwa mnywaji, na mtaa mzima ulilijua hilo. Kumwiga akiwa amelewa kungekuwa rahisi na kungechekesha zaidi, lakini watoto wake walikuwa wameketi pale mkekani na mtani aliwaona. Utani unampa ruhusa ya kusema lolote, naye alichagua cha kuacha. Nimefanya kazi na waongozaji wengi tangu hapo, wengine wenye shahada, na sijapata somo lililozidi lile: mtu unayemwigiza ana wenyewe, na mara nyingi wenyewe hao wamekaa mbele yako.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Wanafunzi wangu wakijaribu kuigiza tamthiliya wanayoisoma kwa ajili ya mtihani, husimama mstari mmoja na kukariri kana kwamba wanasoma risala. Nifanyeje? (Urambo)

Mwalimu, umelitaja tatizo lenyewe bila kukusudia. Mtoto wa shule zetu hufundishwa kusema hadharani siku anapokuja mgeni rasmi, na sauti anayofundishwa siku hiyo, ile ya kupanda na kushuka bila kumwambia mtu yeyote jambo lolote, ndiyo anayoileta jukwaani. Wanasimama mstari mmoja kwa sababu wanakutazama wewe. Waketishe chini kwa duara, wewe ukae nyuma ya migongo yao, na kila mmoja kabla ya kusema neno lake amtaje anayemwambia na anachokitaka kutoka kwake.

Nitakusimulia alivyofanya mwalimu wetu. Tulikuwa tunaandaa tamthiliya ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, inayohusu vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 dhidi ya Wajerumani. Tuliyajua maneno yote kwa moyo na tulikuwa tunayasema kwa fahari kubwa. Siku moja alitunyang'anya vitabu, akatupeleka shamba la shule saa sita mchana, akatupa majembe, na akamweka kiranja atusimamie kwa ukali huku sisi tukikatazwa kusema chochote. Babu zetu wa kusini walilimishwa pamba kwa nguvu, na sisi tulikuwa tunawaigiza tukiwa na pumzi za watu waliotoka kunywa chai. Tulipokwisha kulima matuta kadhaa alituamuru tuseme maneno yetu palepale, majembe yakiwa mkononi, bila kusimama. Sentensi zilikatika mahali ambapo pumzi ilikatika. Hakuna aliyepata nafasi ya kupandisha sauti kwa mbwembwe, na kwa mara ya kwanza nilimsikia mwenzangu akisema jambo badala ya kulitamka.

Jaribu pia zoezi hili. Mwambie kila mwanafunzi achague mtu mzima anayemfahamu na alete darasani namna mtu huyo anavyokaa, anavyohesabu fedha au anavyopokea simu, bila kumtaja jina. Weka sharti moja tu, kwamba haruhusiwi kuiga kilema, kigugumizi wala ulevi. Utaona wanavyohangaika juma la kwanza, kwa sababu hayo ndiyo mambo ya haraka ambayo kila mtoto huyaokota. Juma la pili wataanza kuona mikono.

Mama yangu anakukumbuka ukiigiza mume mlevi anayempiga mkewe, na mpaka leo hataki kusikia habari zako. Nyumbani kwako walikuchukuliaje? (Isevya, Tabora)

Mpe mama salamu zangu na umwambie simlaumu. Mke wangu alizoea kuonewa huruma sokoni, na jibu lake lilikuwa moja: kwamba ulevi wangu huisha jua likizama, na posho yake huifikisha nyumbani.

Kwa wakwe mambo yalikuwa magumu zaidi, na hapa wasomaji wasio wa Unyamwezi inabidi waelewe kwamba kwetu mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kuepukana. Hamtazami usoni, hali chakula mbele yake, na wakikutana njiani mmoja hukwepa. Sasa kikundi chetu kilipelekwa kufanya onyesho karibu na kijiji cha upande wa mke wangu, na nilipochungulia kutoka nyuma ya turubai nilimwona mama mkwe amekaa mbele kabisa kwenye kigoda, amealikwa na jirani ambaye hakumweleza kitakachoonyeshwa. Katika kichekesho kile nilipaswa kuingia suruali ikinianguka huku nikimtukana mke. Hapakuwa na mwingine wa kuichukua nafasi ile.

Mkubwa wetu katika kikundi, mzee mwenye hekima, ndiye aliyetuokoa. Aliingia peke yake kabla ya ngoma kunyamaza, akatangaza kwamba mlevi atakayekuja hana kwao, hajaoa katika kijiji hiki na hajulikani kwa yeyote, kisha akalalamika juu ya ukali wa jua na kuwaomba akina mama wakubwa wahamie kwenye kivuli cha mwembe, nyuma ya watazamaji wote. Mama mkwe alielewa. Alihamia huko na kutupa mgongo, akasikiliza mpaka mwisho bila kugeuka. Baada ya siku chache ujumbe ulitufikia kupitia kwa shangazi wa mke wangu, kwamba yule mlevi akionekana tena pale kijijini atatozwa mbuzi, lakini mkwe wao hadaiwi kitu.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Miaka ya tisini mlikuja kijijini kwetu na maigizo ya UKIMWI, watu wakacheka sana na mkaondoka. Kwa dhati kabisa, kuna aliyebadilika? (Sikonge)

Dada yangu, swali lako ndilo zito kuliko yote na nitalijibu kwa kirefu.

Wenzetu wa redio walipimwa. Mchezo wa Twende na Wakati ulipoanza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993, wenye kisa cha dereva wa lori Mkwaju na mkewe Tunu, wasikilizaji wa kituo cha Dodoma walirushiwa vipindi vingine hadi mwaka 1995 ili watafiti walinganishe waliousikia na wasiousikia, na tofauti ilionekana, hasa katika mambo ya uzazi wa mpango na ya kujikinga. Sisi tulioonyesha chini ya miembe hatukuwa na mtafiti nyuma yetu. Nitakuambia nilichokiona kwa macho.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Penina Muhando Mlama, walianza kufanya kazi na wanakijiji, na mojawapo ya sehemu walikoanzia ni Malya, kule Kwimba. Utaratibu wao ulikuwa kwamba wanakijiji wenyewe ndio wanaoyataja matatizo yao, ndio wanaotunga mchezo, ndio wanaouigiza, na mazungumzo baada ya mchezo yana uzito kuliko mchezo. Utaratibu huo ulituathiri hata sisi tuliousikia kwa mbali. Fedha za UKIMWI zilipoanza kufika mikoani, njia ikageuka. Muswada uliletwa kutoka mjini ukiwa na ujumbe uliokwisha kuandikwa, pamoja na fulana, na mtu wa kuhesabu waliohudhuria. Nilikuwa na bado nina maoni kwamba njia ile ya kwanza ilikuwa bora mara nyingi, ingawa haikuwa na fulana.

Muswada mmoja ulitutaka tumwonyeshe mgonjwa. Mwigizaji alipaswa kupakwa majivu, kutembea kwa fimbo na kukohoa mpaka aanguke, ili watu waogope. Kumbuka hali ilivyokuwa. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na dawa za kufubaza virusi hazikuanza kutolewa bure na serikali mpaka mwaka 2004, kwa hiyo katika miaka ile yote karibu kila kijiji tulichoingia kilikuwa na nyumba yenye mtu kitandani. Ndugu zake walikuja kututazama. Waliuacha mlango umerudishwa, wakaja kukaa saa moja chini ya mwembe wasahau kidogo, na sisi tuwaletee ndugu yao akiwa amepakwa majivu ili jirani zao wacheke!

Tulikataa, na baada ya mabishano tukaruhusiwa kubadili sehemu ile. Katika mchezo wetu mgonjwa hakuonekana kabisa. Palikuwa na pazia la kanga, na dada yake aliingia nalo bakuli la uji lililojaa, akakaa ndani kwa muda ambao watazamaji walianza kuuona kuwa mrefu, akatoka na bakuli lilelile likiwa bado limejaa, akalifunika kwa kawa na kuliweka juu ya meza. Kisha akarudia jioni. Kisha asubuhi. Siku ya tatu alitoka na bakuli likiwa limepungua kidogo, na pale mahali pengi wanawake walipiga vigelegele bila kuambiwa. Huko kwenu Sikonge, kama kumbukumbu yangu haijanidanganya, kicheko ulichokisikia kilikuwa cha sehemu ya mganga wa uongo, na ile sehemu ya uji ilipita kimya.

Kama kuna aliyebadilika? Nina ushahidi mmoja, nao hauhusu UKIMWI moja kwa moja. Katika vijiji vya tumbaku tulikuwa na mchezo wa mume anayelipwa fedha za msimu mzima kwa mkupuo, anazikunja mfukoni na kuaga kwamba anakwenda mjini kununua bati. Nilikuwa mimi. Nilikuwa nimezishika zile noti zetu za karatasi nikizihesabu mbele ya watazamaji kwa kujigamba, mara mama mmoja akainuka mahali alipokaa, akaja mpaka katikati, akanipokonya noti zote na kumkabidhi mwenzangu aliyekuwa mke, akarudi kukaa. Hakutabasamu. Wanaume waliguna, wanawake wakasimama, na mchezo tulioupanga ukaishia hapo. Nusu saa iliyofuata ilikuwa ya wanakijiji wakibishana kuhusu nani apokee malipo pale kwenye chama cha ushirika. Sijui kilichotokea nyumbani kwa yule mama usiku ule. Msimu uliofuata tulipopita tena, watu wa pale walituuliza mara moja kama tumekuja na zile noti.

Nina miaka 17, niko kidato cha tatu. Natamani kuacha shule niende Dar es Salaam kuigiza, maana huku hakuna kamera. Unanishauri nini? (Nzega)

Usiache shule. Mwigizaji asiyeweza kusoma mkataba wake hana tofauti na anayeutia saini gizani, na jambo hilo utaliona hapa chini.

Kuhusu kamera, jua kwamba Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, na waigizaji mnaowaheshimu wa kizazi kile walikuzwa na watu waliokaa mbele yao. Marehemu Amri Athumani wa Tanga, ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina la Mzee Majuto, alikuwa ameiva jukwaani muda mrefu kabla ya kanda za video. Ndiyo maana alikuwa na uwezo wa kunyamaza kwa sekunde kadhaa na bado ukacheka, kwa sababu alijua kwa uzoefu kicheko kinachukua muda gani kufika. Kamera haiwezi kukufundisha hilo. Haikohoi unapochosha, haiondoki unapodanganya. Tafuta kikundi hapo Nzega, au kiunde, mfanye maonyesho kwenye mahafali, sokoni, popote watakapowavumilia. Ukimaliza kidato cha nne ukiwa bado na hamu, Bagamoyo ipo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kinafundisha sanaa za maonyesho kwa wanaofaulu kidato cha sita.

Huku Ujiji tunahuzunika kila tukisikia mwigizaji mkongwe anachangiwa fedha za matibabu. Fedha mlizopata zilikwenda wapi, na wewe umejiandaaje? (Ujiji, Kigoma)

Hazikwenda popote kwa sababu hazikuwa nyingi. Watu huona sura mara nyingi wakadhani kila mara ile sura ilipoonekana ililipwa.

Wengi wetu wa enzi za mashirika ya umma hatukuajiriwa kama waigizaji. Mashirika yalikuwa na bendi, timu za mpira na vikundi vya utamaduni, na ndani ya jalada kila mmoja alikuwa na kazi nyingine. Mimi kwenye karatasi nilikuwa karani wa mizigo. Zile karatasi ndizo zinazonilisha leo. Pensheni yangu ni ya karani, na yule mume mlevi, pamoja na umaarufu wake wote, hakuniachia hata senti moja. Wenzangu walioacha ajira ili waigize kwa moyo wote, ambao kwa hakika walikuwa wakinizidi kipaji, ndio mnaowasikia wakichangiwa.

Zilipokuja filamu za kanda na baadaye za diski, mambo yalikwenda hivi. Mtayarishaji hukodi kamera, hutulipa mara moja kwa nafasi tuliyoigiza, kisha huuza filamu yote kwa msambazaji kwa mkupuo na kuingia kwenye filamu nyingine. Kuna moja ambayo niliicheza kwa mtayarishaji ambaye simtaji, ambayo bado inaonyeshwa kwenye mabasi ya kwenda Mwanza. Nimeipanda ile basi mara kadhaa. Abiria hunitambua, hupiga picha nami, utingo hunipa soda, na nauli nalipa kamili.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mwigizaji kuwa na haki juu ya kurekodiwa na kurushwa hewani kwa uigizaji wake. Tatizo huja pale kalamu inapogusa karatasi, kwa sababu ukitia saini kwamba umetoa haki zote kwa muda wote kwa njia zote, utakuwa umezitoa. Kwa hiyo ninyi mnaoanza, ulizeni mapema filamu itaonyeshwa kwa njia zipi, iwe televisheni, intaneti au vyombo vya usafiri, na kwa miaka mingapi. Ulizeni kama kuna malipo ya ziada ikiuzwa tena, na nani atagharamia matibabu mkiumia mkiwa lokesheni, swali ambalo watayarishaji hulichukia kuliko yote na ambalo kwa sababu hiyohiyo linafaa kuulizwa kwanza. Nakala ya mkataba ikae kwenu. Tena mchangie NSSF, yaani mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ambao unapokea hata waliojiajiri, kwa kiasi mnachokimudu. Najua kijana mwenye umri wa miaka 22 na filamu mbili mkononi hapendi kusikia habari za mafao ya uzeeni. Anisikilize hivyohivyo.

Binti yangu ana kipaji lakini nasikia huko kwenye filamu wasichana huombwa rushwa ya ngono ili wapewe nafasi. Nimruhusu? (Igunga)

Mama, uliyoyasikia yapo, na atakayekuambia hayapo usimkabidhi binti yako. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaitaja rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai, na mwenye kuomba anaweza kushtakiwa kupitia TAKUKURU, taasisi ya serikali ya kupambana na rushwa, hata kama hakupewa alichoomba.

Hata hivyo sheria hufika jambo likiwa limekwisha kutokea, kwa hiyo nakuongezea ya kwetu wenyewe. Usaili wa kweli hufanyika mchana, mahali penye watu, na mwongozaji anayejua kazi yake humaliza kumpima mwigizaji kwa kurasa mbili za muswada. Anayehitaji chumba cha hoteli anahitaji kitu kingine. Mara ya kwanza mpeleke wewe, au kaka yake, au shangazi, msalimie mwongozaji kwa heshima, muulize amezaliwa wapi na anakaa mtaa gani, kisha ukae nje ukisubiri. Atawaona washamba. Ni sawa, muradi ajue kwamba binti huyu ana wenyewe. Katika kikundi chetu wasichana walikuja wakisindikizwa hivyo kwa miaka mingi, na wazazi wao walikuwa watazamaji wetu wakali kuliko wote.

Unatazama filamu za siku hizi? (Kaliua)

Natazama pamoja na wajukuu. Sauti bado ni tatizo, na majumba ni makubwa mno. Namwona mhusika anayesemekana kuwa fukara amekaa kwenye sofa ambalo mimi na mkwe wangu hatuwezi kulinunua kwa kuchangiana. Waigizaji wa kike wa sasa nawapenda kuliko wa kiume. Wanaume wengi wanaigiza miwani ya jua, hawamwigizi mtu aliyeivaa.

Shikamoo Babu. Mimi niko darasa la sita. Unaliaje jukwaani wakati hakuna aliyekupiga? (Ng'ambo, Tabora)

Marahaba, mjukuu wangu. Mtazame mtu mzima anayelia kweli, utaona kwamba anajitahidi asilie. Anameza mate, anatazama juu kwenye dari, anajifanya anatafuta kitu mfukoni, anauliza habari ambazo hazina maana, kama vile kuku wamelishwa au bado. Mwigizaji asiyejua kazi huanza kulia tangu mlangoni, na watazamaji wakimwona amekwisha kulia kwa niaba yao hawaoni haja ya kusumbuka. Wewe ingia ukiwa umeazimia kutolia. Jipe kazi ya mikono, kwa mfano kukunja nguo za yule aliyeondoka, uzikunje vizuri, na ukifika kwenye shati lake simama kidogo, kisha endelea kukunja. Machozi yakija, yafute haraka kama mtu anayeona aibu. Yasipokuja, usiyalazimishe, kwa kuwa watu wanaotazama mikono yako hawatagundua.

Najua wapo wanaotumia kitunguu na siwakatazi. Ila ukikitumia, kikate mapema kabla ya kuvaa nguo za maonyesho, kwa sababu harufu huwafikia waliokaa mbele, na badala ya kukuhurumia wataanza kuulizana nani anapika.